Wa Kuonyeshwa Kwanza

Marietha hakuwa na ugomvi na tai. Tai ni ndege, ana mbawa zake na njaa yake, na kama baridi ya huko kwao kaskazini ilimfukuza akaja kujibanza Dubai, hakuwa na tofauti na watu waliojazana mtaani kwa Marietha, International City, kila mmoja na kilichomfukuza kwao. Ugomvi wa Marietha ulikuwa na mwanamke aliyemfundisha binti yake kuwapiga picha hao tai.

Mwanamke huyo aliitwa Dorcus. Alikuwa Mganda, mlinzi wa jengo la ofisi ambalo chini yake kuna mkahawa, na katika mkahawa huo ndimo alimofanya kazi Emiliana, binti wa Marietha. Walianza na salamu za asubuhi. Emiliana akirudi nyumbani alikuwa akisema "yule askari wa Uganda". Baadaye akawa "anti Dorcus". Msimu wa baridi ulipoingia akawa "Anti" tu, bila jina, kana kwamba dunia nzima ina anti mmoja.

Dorcus alikuwa na kamera yenye lenzi ndefu kama mchi, aliyoinunua kwa mpangaji mmoja aliyekuwa anahama. Kila Jumapili, siku yao ya mapumziko, yeye na Emiliana walikwenda Ras Al Khor, pale mwisho wa hori, ambapo maji ya bahari huingia mpaka katikati ya mji na kuishia kwenye mikoko na matope. Kuna vibanda huko vya kutazamia ndege. Unaingia, unakaa kimya, unachungulia kwenye uwazi wa ukuta. Wengi huenda kutazama flamingo. Hawa wawili walikwenda kwa ajili ya tai.

Yote hayo Marietha angeyavumilia. Alikuwa msimamizi wa chumba cha kufulia hotelini, ana stashahada yake ya chuo, si mtu wa kushtuka ovyo, na alijua kijana lazima awe na kitu cha kumtoa chumbani. Lakini jioni moja Emiliana alikaa kwenye kitanda cha juu, miguu ikining'inia, akaleta jambo jingine.

"Mama, Anti amepata studio Al Qusais. Karibu kabisa na metro."

"Hongera zake."

"Anatafuta mtu wa kukaa naye."

Marietha alikuwa anapiga pasi. Hakuinua kichwa. "Atampata. Watu hawajaisha Dubai."

"Mama."

"Nini?"

"Nataka niwe mimi. Mwezi ukiisha."

Pasi ilitulia juu ya kola mpaka kola ikaanza kunuka.

Ili mtu aelewe kwa nini kola iliungua, lazima ajue kwamba Marietha alimwacha Emiliana Ukerewe, kwa bibi yake, mtoto akiwa bado anang'oka meno ya utoto. Miaka yote iliyofuata alikuwa mama wa kwenye simu. Binti alipokua, Marietha alimtafutia kazi, akamleta, akapanga chumba kilichokatwa kwa mbao nyembamba ndani ya nyumba ya watu wengi, akanunua kitanda cha deka. Wageni wakiingia walisema chumba ni kidogo. Yeye hakukiona kidogo. Usiku alilala chini akimsikiliza mwanawe akijigeuza juu yake, akahisi kwamba kile alichokipoteza kinarudi kidogo kidogo. Sasa hicho nacho kilikuwa kinahamia Al Qusais, karibu kabisa na metro.

Dorcus angekuwa mwanamume, Marietha angejua la kufanya. Angemwita, angemkalisha, angemwuliza kwao ni wapi na nia yake ni nini. Lakini mwanamke mwenzako unamshtaki kwa kosa gani? Kwamba mwanao anacheka zaidi akiwa naye?

Akatafuta pa kumshika, akapaona. Dorcus hakuwa na mtoto. Hakuna aliyemwambia hivyo, ila Marietha hakuhitaji kuambiwa. Mwanamke akishazaa, jina lake hubaki kwenye pasipoti tu. Yeye mwenyewe alikuwa Mama Emi kwa majirani, Mama Emi kazini, Mama Emi kwa muuza mboga. Dorcus alikuwa Dorcus. Waganda wenzake walimwita Dorcus, Wakenya wa getini walimwita Dorcus. Hapakuwa na Mama Fulani.

"Hajazaa huyo," Marietha aliiambia pasi yake. "Ndiyo maana anaokota wa wenzake."

Alhamisi, akitoka kazini mapema, alishuka Al Ras. Kule nyuma ya magunia ya mdalasini na ndimu kavu palikuwa na duka la Hakim, mtu wa asili ya Unguja, aliyeuza kanga kwa wanawake wa Afrika Mashariki na kuwauzia na maneno yake bila malipo. Marietha alipekua rafu moja baada ya nyingine, akisoma majina ya kanga kama mtu anayechagua kisu. Mwishowe akavuta moja nyekundu, yenye pindo jeusi na jeupe.

Hakim akaisoma kwa sauti. "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi." Akamtazama juu ya miwani. "Wampelekea mtu zawadi, bibi wee, au wampelekea kesi?"

"Wewe uza kanga."

"Nauza. Nani kakuudhi?"

"Nikatie nusu moja tu. Moja yanitosha."

"Hapa doti haikatwi nusu. Ukimpa mwenzio kipande, kipande cha pili utakaa nacho mwenyewe. Yalla, chukua, ina ncha lakini rangi yake haitoki."

Akaichukua. Nyumbani akaikata kwa mkasi, kipande kimoja akakitia kwenye mkoba na cha pili akakisukuma chini ya godoro. Jumamosi alipomwambia Emiliana, "Kesho nami nakuja kuwaona hao tai wenu," binti aliruka kutoka kitanda cha juu.

"Kweli, Mama? Yaani kweli?"

"Nimesema nakuja."

Furaha ile ilimchoma kidogo. Lakini hakuitoa kanga mkobani.

Asubuhi ya Jumapili ukungu ulikuwa umelala juu ya maji, na maghorofa ya mjini yalionekana vichwa tu. Dorcus alikuwa amekwisha kufika. Alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, koti la kazini limefungwa mpaka kidevuni. Alipomwona Marietha alikunja magoti kidogo wakati wa kusalimia, kama wafanyavyo kwao kwa mtu wanayemheshimu.

"Karibu sana, nnyabo. Nimefurahi umekuja."

Hata adabu alikuwa nayo. Iliudhi.

Wakaingia kibandani. Mwisho wa benchi alikaa mzungu mmoja mzee mwenye darubini, hakugeuka. Emiliana akakaa katikati na kamera, Dorcus kulia, Marietha kushoto. Mbele yao maji yalikuwa ya kijivu, na katikati yake ilisimama nguzo kuukuu, haina kitu juu.

"Arbab bado," Emiliana akanong'ona.

"Atakuja akipenda," Dorcus akajibu. "Yeye ndiye mwenye kampuni."

Wakacheka wote wawili kwa pua, wakizuia sauti.

"Arbab gani?" Marietha akauliza.

"Tai wetu, Mama. Yule mlasamaki. Anakaa juu ya nguzo anatutazama kama bosi, hafanyi kitu, halafu akiamua ni dakika hiyohiyo. Tangu baridi ianze namtafuta anyanyuke na samaki, uso kwangu. Kila siku ananipa mgongo."

Tai wetu. Marietha akayameza maneno hayo kama dawa ya kikohozi.

Korongo mweupe alitua karibu na mikoko. Emiliana akafyatua kamera mara kadhaa, akatazama kioo cha nyuma, kisha, bila kufikiri, akakigeuza upande wa kulia. Dorcus akainama, akanong'ona jambo kuhusu mwanga. Emiliana akaitikia kwa kichwa, akarekebisha kitufe, akapiga tena. Kioo kikageuka tena kulia. Ikawa hivyo kwa kila ndege. Kila mara Dorcus alionyeshwa kwanza, na kila mara Marietha alionyeshwa baadaye, picha ikiwa imekwisha kusifiwa, kama chakula kilichopoa.

"Kwetu Ukerewe," Marietha akasema ghafla, "yuko tai mwenye kichwa cheupe chote, na kifua. Akilia, ziwa zima linamsikia. Marehemu baba alikuwa akisema huyo ndiye anayeamsha jua."

Emiliana akageuka. "Hujawahi kuniambia hilo."

"Hujaniuliza."

"Ningekuuliza saa ngapi, Mama? Simu zetu zilikuwa za ada na sare za shule. Ukimaliza ada, unasema mpe bibi."

Hakulisema kwa ubaya. Hilo ndilo lililouma. Na Dorcus alikuwa ametazama pembeni, kwa heshima, kama mtu aliyefungua mlango wa chumba cha watu kwa bahati mbaya. Marietha hakutaka heshima yake. Akafungua mkoba.

"Dorcus, nimekuletea zawadi."

"Mimi?" Uso wa Dorcus ulifunguka kama wa msichana. Akaipokea kwa mikono miwili, akaikunjua juu ya mapaja. "Banange! Leesu nzuri. Nyekundu kabisa." Kisha akaona maandishi. Akayafuata kwa kidole, herufi kwa herufi.

Emiliana alisoma upesi kuliko yeye.

"Mama!"

Mzungu wa mwisho wa benchi akageuka, akaweka kidole mdomoni. Flamingo waliokuwa karibu wakasogea hatua chache, shingo juu.

"Mama, ndiyo maana umekuja?" Sasa Emiliana alinong'ona, na mnong'ono ulitetemeka kuliko kelele. "Anti, samahani. Nipe hiyo. Nipe niitupe."

Dorcus hakuitoa. Kidole chake kilikuwa kimefika kwenye neno la mwisho.

"Mimi nasoma Kiswahili polepole," akasema, "lakini nasoma. Unanisema, Mama Emi."

"Nakusema." Marietha hakuwa mtu wa kukana. "Umri huu sizunguki. Nilimwacha mtoto huyu ana pengo mdomoni, nimeifulia dunia nzima mashuka ili asome, nimempata miaka miwili tu. Wewe hujui mtoto anatoka wapi, unakuja kuchukua aliyekwisha kulelewa. Ungezaa ungejua."

"Nani alikuambia sijazaa?"

Sauti yake ilikuwa tulivu, ile ya getini, ya kumwuliza mgeni anaelekea ghorofa gani.

"Mbona hakuna anayekuita mama wa mtu?" Marietha akasema.

"Niko na msichana. Anaitwa Desire, yuko Masaka kwa dada yangu. Nilimwacha bado ananyonya." Dorcus alikuwa anaikunja kanga, pembe kwa pembe, kwa uangalifu. "Dada yangu ndiye alimfundisha kutembea. Kijijini wote wanamwita dada Mama Desire. Mtoto mwenyewe anamwita mama. Sasa mimi hapa Dubai niseme niiteni Mama Desire? Nitakuwa nimevaa nguo ya mtu mwingine, na mwenyewe anaihitaji."

"Na wewe anakuitaje?" Emiliana akauliza.

Dorcus akatabasamu upande mmoja wa mdomo. "Anti."

Emiliana akaweka kiganja mdomoni.

"Hukujua," Dorcus akamwambia. "Na mimi sikukukataza. Nilikuwa nazoea kuitwa hivyo. Mtoto wa mwenzangu akisema Anti na anacheka, nikaona kumbe neno lenyewe si baya."

Maji yalipiga matope polepole. Marietha alitazama mikono yake, iliyokauka kwa sabuni na mvuke, na bila kutaka akasikia tena simu za miaka ile: mtoto upande wa pili anasema shikamoo, anavuta pumzi, anatafuta la kumwambia mtu asiyemjua, halafu anasema, ngoja nimpe bibi. Alikuwa ameona ni yeye peke yake aliyewahi kushika simu ya namna hiyo. Alitamani kuirudisha kanga mkobani. Lakini alitamani pia, na hilo hakuweza kulificha moyoni, Emiliana asimtazame Dorcus kwa macho yale aliyokuwa akimtazama nayo. Wivu ulikuwa umepoteza sababu, na ulikuwa bado umekaa palepale.

"Nilikosea," akasema. "Nilidhani huna."

"Na ningekuwa sina?" Dorcus akauliza.

Marietha alifikiri. "Ningekuwa nimekosea vilevile. Ila nisingejua."

Dorcus akacheka, kicheko kifupi cha mshangao. Kisha akaikunjua tena ile kanga aliyokuwa ameikunja vizuri, akajitanda mabegani juu ya koti, maandishi mgongoni.

"Usivae hiyo," Marietha akasema.

"Baridi ni baridi, nnyabo. Na leesu ni leesu."

"Shh!" Emiliana akawashika wote wawili mikono. "Arbab."

Alikuwa ametokea upande wa mikoko, chini chini, mbawa ndefu zimepinda katikati. Akatua juu ya nguzo, akajipanga. Kichwa cheupe, utepe wa kahawia machoni, manyoya ya kisogo yamesimama kwa upepo. Akawatazama kweli kama bosi anayewatazama watu waliochelewa kazini. Marietha hakuwa amemtazama tai karibu hivi tangu utotoni. Alishangaa kuona anashikilia pumzi.

Tai akainama, akanya, akajikuna shingo. Emiliana hakupiga. Lenzi yake ilikuwa imetulia kwenye uwazi wa ukuta. Kidole kilikuwa juu ya kitufe, hakikusogea.

"Usimfuate yeye," Dorcus akanong'ona. "Fuata maji."

Tai akaanguka. Hakuruka, alijiachia, miguu mbele. Maji yakapasuka, akapotea ndani yake mpaka mabegani, na kwa muda mbawa tu zilionekana zikipiga kama mtu anayezama. Kamera ikaanza kulia mfululizo. Akainuka, mzito, akavuta, akanyanyuka, na badala ya kugeukia mikoko kama alivyofanya msimu mzima, upepo wa asubuhi ukamgeuza upande wao. Akapita juu ya kibanda, samaki akimetameta kwenye kucha, macho ya njano yakiwatazama moja kwa moja. Akatoweka.

Mzungu mzee alipiga makofi bila sauti, vidole viwili kwenye kiganja.

Emiliana aliishusha kamera. Akabonyeza, akatazama kioo, akatoa sauti kama kwikwi. Kisha, kama kawaida yake, bila kufikiri, akakigeuza kulia.

Marietha aliona. Alijua ingekuwa hivyo. Akageuza uso wake kwenye nguzo.

Lakini Dorcus alikuwa amefumba macho. Alikaa pale mabega yamefunikwa nyekundu, kope zimefungwa kabisa, kama mtoto anayehesabu kwenye mchezo wa kujificha.

"Anti, tazama! Nimempata!"

"Mimi nitaona baadaye. Zungusha upande wa pili."

Kupewa nafasi na mtu unayemwonea wivu kunauma kuliko kunyang'anywa. Marietha alihisi uchungu huo waziwazi alipokuwa anainamia kioo. Picha ilikuwa nzuri. Hata asiyejua kitu angeiona: tone la maji limesimama hewani chini ya kucha, na jicho la tai likimtazama Emiliana peke yake duniani. Binti alikuwa anamsubiri mama yake aseme. Alisubiri mwili mzima, kama alivyosubiri zamani, pengine, upande wa pili wa simu, wakati mama alipokuwa akizungumzia ada.

Marietha alitafuta neno kubwa. Halikuja. Hakuwa mtu wa maneno makubwa.

"Mbona samaki mwenyewe ni mdogo hivi?" akasema.

Emiliana akaangua kicheko, akajiziba mdomo kwa mkono wa koti, akaegemea bega la mama yake huku akitikisika, na machozi yalikuwa yanamtoka. Marietha akabaki wima kama ukuta, akihofia akisogea kidogo uzito ule utaondoka begani. Mwishowe akamtazama Dorcus, ambaye bado alikuwa amefumba.

"Fumbua hayo macho," akamwambia. "Na sogea huku. Mimi sijui kama imekaa sawa au haikukaa. Mwenye kujua ni wewe."

Dorcus akasogea. Vichwa vitatu vikainamia kioo kimoja.

"Eh," Dorcus akasema. "Hii haina kosa."

"Samaki ni mdogo," Marietha akasisitiza.

Mwezi ulipoisha Emiliana alihama. Hakuna kilichobadilika katika hilo, na Marietha hakumwomba abaki. Alimfungashia sufuria, kikaangio na ile pasi; yeye angenunua nyingine. Matandiko aliyafunga kwa kanga nyekundu aliyoivuta chini ya godoro. Emiliana alisoma maandishi, akasimama, mikono kiunoni.

"Mama. Tena?"

"Ni ya kufungia mzigo. Mwambie mwenzio doti yake imetimia. Yalla, teksi inangoja."

Jioni alikaa kwenye kitanda cha chini. Juu palikuwa na mbao tupu na alama ya godoro. Simu ikalia, ni picha kutoka Al Qusais: dirisha la studio, vipande viwili vya kanga vimetundikwa kama pazia, na mbele yake Emiliana na Dorcus wamekaa sakafuni wakila kwenye sufuria yake. Sufuria yake yeye. Wivu ukampanda palepale, wa moto, kana kwamba hapakuwahi kutokea lolote Ras Al Khor. Aliikuza picha kwa vidole viwili, akaikagua kona kwa kona, akitafuta kosa. Akalipata.

"Pazia limepinda upande wa kushoto," akaandika. "Jumapili tukitoka kwa Arbab nakuja kulinyoosha. Mniachie ugali."